Siri ya Mgonjwa Inaposafiri



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuharisha kwa watoto, shinikizo la damu na chakula cha mama mjamzito. Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo lisilopimwa kwa kipimajoto, lakini linalomgusa kila anayeingia katika zahanati na hospitali zetu. Jambo lenyewe ni siri ya mgonjwa, na hasa namna ya kuitunza siku hizi ambapo jalada halikai kabatini tu, bali husafiri kwa intaneti kutoka zahanati ya kijijini hadi hospitali kubwa.

Chombo kimojawapo cha kuilinda siri hiyo safarini huitwa VPN. Herufi hizo tatu ni kifupi cha maneno ya Kiingereza, na maana yake ni mtandao wa watu wachache unaopita ndani ya mtandao wa watu wote. Kompyuta inayosimamia njia hiyo huitwa seva ya VPN. Ndugu msomaji, jina hilo lisikutishe. Huhitaji kuwa fundi ili uelewe. Wengi wenu mko katika kamati za zahanati, wengine katika bodi za hospitali, wengine mna vijana waliosomea kompyuta, na wote mna jalada mahali fulani. Anayejua jinsi mlango unavyofungwa ndiye anayeweza kuuliza kama umefungwa.

SIRI NI SEHEMU YA TIBA

Kiapo cha wauguzi kinachoitwa kwa jina la Florence Nightingale kilitungwa mwaka 1893 huko Detroit, Marekani. Ndani yake muuguzi huahidi kutunza kwa siri mambo ya wagonjwa na ya familia zao anayoyafahamu kwa sababu ya kazi yake. Waganga walikuwa na ahadi ya namna hiyo tangu zamani za Wagiriki. Ahadi hizi hazikuwekwa kwa ajili ya heshima tu. Zinatibu.

Mfikirie mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI. Akimeza dawa zake kila siku bila kukosa, virusi hupungua katika damu hata kipimo kisivione, na akidumu katika hali hiyo hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Lakini akisikia kwamba majibu ya jirani yake yamejulikana sokoni, atafanya nini? Atahama kliniki, atakwenda mji wa mbali asikojulikana, nauli itamshinda, dawa zitakatika, na virusi vitaamka tena. Ndivyo ilivyo pia kwa mgonjwa wa kifua kikuu, ambaye kwa kawaida hutakiwa kumeza dawa kwa miezi 6. Ndivyo ilivyo kwa mwenye ugonjwa wa akili, kwa binti aliyebakwa, na kwa baba ambaye kisukari kimemletea matatizo anayoona haya kuyataja. Siri ya mmoja ikivuja, hasara haiishii kwake. Wapo wengine ambao hawatakuja kliniki tena, nasi hatutawajua hata majina.

JALADA LIMETOKA KABATINI

Mama mmoja wa makamo aliniuliza kliniki: "Sista, daftari letu nilikuwa naliona likifungiwa kabatini, na ufunguo mnao nyinyi. Hiyo mashine mnaifungia nini?" Swali lake ni la msingi kabisa, na makala hii ni jibu lake.

Tuchukue mfano wa hospitali ya misheni yenye zahanati tatu vijijini. Kila zahanati ina kompyuta moja na modemu yenye laini ya simu. Programu ya majalada iko kwenye seva hospitalini. Mama mjamzito akipimwa zahanati na kukutwa na shinikizo la juu na protini katika mkojo, mganga wa zahanati anaandika hapo hapo. Daktari wa zamu anasoma kabla gari la wagonjwa halijafika, na chumba kinaandaliwa. Faida hii ni kubwa, nayo huokoa maisha. Kwa hiyo hatusemi turudi kwenye daftari peke yake. Tunasema njia ambayo jalada linapita ifungwe kama kabati lilivyofungwa.

HATARI YA NJIANI NA HATARI YA MLANGONI

Hatari ziko za aina mbili. Ya kwanza ni ya njiani. Habari ikitoka zahanati hupita kwenye modemu, kwenye mnara wa simu, kwenye mitambo ya kampuni moja na pengine ya kampuni nyingine, ndipo ifike. Kama haikufumbwa, ni sawa na barua iliyotumwa bila bahasha: kila aishikaye aweza kuisoma. Ni kweli kwamba siku hizi tovuti nyingi na programu nyingi za kisasa hufumba maneno yake zenyewe. Lakini baadhi ya programu za zamani za majalada bado hutuma habari wazi wazi.

Hatari ya pili ni ya mlangoni, nayo watu wengi hawaifikirii. Fundi akitaka zahanati zifikie seva ya hospitali, njia rahisi kwake ni kuufungua mlango wa ghala la majalada upande wa intaneti. Zahanati zitaingia, lakini dunia nzima nayo inaweza kubisha hodi. Wengine hudhani kwamba hospitali ndogo ya porini hakuna anayeijua. Hilo si kweli. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha programu inayoweza kubisha hodi kwenye anwani zote za intaneti za mfumo wa kawaida, zinazokaribia bilioni 4, kwa muda usiofikia saa moja kwa kompyuta moja tu. Wezi wana programu za namna hiyo. Hawamtafuti mtu fulani. Wanatafuta mlango wowote ulio wazi.

Huko Finland kulikuwa na kampuni ya kutibu magonjwa ya akili kwa mazungumzo, jina lake Vastaamo. Uchunguzi ulionyesha kwamba ghala lake la majalada lilikuwa limeachwa wazi upande wa intaneti kwa muda mrefu bila ulinzi wa kutosha. Mwezi Oktoba 2020 ikajulikana kwamba mwizi alikuwa ameyachukua majalada ya makumi ya maelfu ya wagonjwa. Kwanza aliitaka kampuni fedha. Kisha akawaandikia wagonjwa wenyewe, mmoja mmoja, akiwadai fedha la sivyo atatangaza maneno waliyomwambia mtabibu wao faraghani. Kampuni hiyo ilifilisika mwaka 2021. Lakini fikirini wale wagonjwa: mtu aliyejitahidi miaka mingi hadi akapata ujasiri wa kusema, halafu maneno yake yanamrudia kama tishio. Aibu ya namna hiyo haina sindano.

VPN INAFANYA NINI?

Tuseme kwa mfano rahisi. Mtandao wa intaneti ni barabara kuu ipitwayo na kila mtu. VPN ni bomba linalopitishwa ndani ya barabara hiyo, kutoka zahanati hadi hospitali. Kinachopita ndani ya bomba kimefumbwa, hata aliye barabarani akikichukua hapati maana. Upande wa hospitali, mdomo wa bomba unalindwa na seva ya VPN. Anayetaka kuingia ni lazima aonyeshe ufunguo wake. Asiye na ufunguo hapiti, na ghala la majalada halionekani kabisa kwa watu wa barabarani.

Hivyo seva hufanya kazi tatu: kufumba habari, kumtambua anayeingia, na kumwonyesha ni chumba gani anaruhusiwa kufika. Kazi ya kwanza hufanywa na mashine vizuri sana. Hizi mbili za mwisho hutegemea jinsi seva ilivyopangwa na jinsi inavyotunzwa na watu. Hapo ndipo ubora au ubovu wake unapopatikana.

JINSI SEVA INAVYOPANGWA

Zipo programu kadhaa za kazi hii, na baadhi yake hutolewa bila malipo. OpenVPN ilianza kutolewa mwaka 2001 na bado inatumika. WireGuard ni ya baadaye. Mwaka 2020 iliingizwa ndani ya mfumo wa Linux wenyewe, na inapendwa kwa kuwa ni fupi na nyepesi hata kwa kompyuta dhaifu. Iko pia njia ya kale iitwayo PPTP, ya miaka ya 1990. Hiyo isitumike. Mwaka 2012 ilionyeshwa hadharani kwamba kufuli lake lafunguka. Fundi akikuambia kwamba anatumia PPTP kwa sababu ni rahisi, mshukuru kisha mtafute mwingine.

Tueleze sasa hatua zenyewe, tukichukua mfano wa WireGuard.

1. Mahali pa seva. Seva inahitaji anwani ya intaneti isiyobadilika na inayofikika kutoka nje. Laini nyingi za simu hazina anwani ya namna hiyo. Wateja wengi hushirikishwa anwani moja, kama wapangaji wanaotumia sanduku moja la posta. Kwa sababu hiyo hospitali hulazimika kulipia anwani yake yenyewe, au kukodi seva ndogo mahali pengine. Zahanati haihitaji anwani hiyo, kwani yenyewe ndiyo inayoita na hospitali huitika. Ila kwa vile mitambo ya simu hufunga njia iliyonyamaza, kompyuta ya zahanati hupangwa itume ishara ndogo kila baada ya sekunde 25 ili njia ibaki wazi.

2. Funguo. Kila kompyuta hutengenezewa funguo mbili zinazokwenda pamoja. Mmoja ni wa siri, na mwingine ni wa wazi. Ule wa wazi hupelekwa kwa seva na kuandikwa kwenye orodha yake. Hata mtu mwingine akiuona si neno. Ule wa siri hautoki kamwe kwenye kompyuta iliyouzaa. Hautumwi kwa WhatsApp, hauandikwi kwenye karatasi, haunakiliwi kwenye kompyuta ya pili ili kuokoa muda. Faili lake hufungwa lisisomwe na yeyote isipokuwa msimamizi wa kompyuta. Ufunguo huo ni mstari wa herufi na tarakimu 44, hivyo hakuna anayeweza kuubahatisha kama anavyobahatisha neno la siri lenye jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa.

3. Namba ndani ya bomba. Kila mmoja hupewa namba yake ya ndani. Kwa mfano seva yaweza kuwa 10.8.0.1, zahanati ya kwanza 10.8.0.2, ya pili 10.8.0.3, na kuendelea. Fundi mwangalifu haanzishi namba za ndani kwa 192.168.1, kwa kuwa modemu na ruta nyingi za madukani tayari zinazitumia. Nyumba mbili zikiwa na namba moja katika mtaa mmoja, barua hupotea.

4. Milango. Hapa ndipo penye uzito. Upande wa intaneti unafunguliwa mlango mmoja tu wa VPN, ambao katika WireGuard kwa kawaida ni namba 51820. Milango mingine yote hufungwa. Ghala la majalada hupangwa lipokee wageni waliopitia bombani peke yao. Tena hata hao wasiachiwe nyumba nzima: kompyuta ya zahanati ifike kwenye programu ya majalada, isifike kwenye kompyuta ya mhasibu wala kwenye mashine ya eksirei. WireGuard ina tabia moja nzuri: mtu asiye na ufunguo unaotambulika akibisha hodi, seva hukaa kimya kana kwamba hakuna mtu ndani.

5. Saa na umeme. Seva hukumbuka saa ambayo kila ufunguo ulibisha hodi mara ya mwisho, na hukataa mbisho wenye saa ya nyuma, maana huenda ni mwizi anayerudia ishara aliyoinasa. Sasa, kompyuta kuukuu ambayo betri yake ndogo ya ndani imekufa, umeme ukikatika huamka ikidhani iko miaka mingi nyuma. Seva itaikataa hadi saa yake isahihishwe. Muuguzi wa zahanati atasema "mtandao umekufa", kumbe kilichokufa ni betri ya bei ndogo. Inafaa betri hizo zibadilishwe mapema, na seva ya hospitali iwe na umeme wa akiba.

6. Kujaribu. Wengi hujaribu kama zahanati inaingia, wakiona imeingia hufurahi na kufunga kazi. Hiyo ni nusu ya jaribio. Nusu nyingine ni kujaribu kama asiyestahili anakataliwa. Chukua simu ya kawaida isiyo na ufunguo, tumia laini ya kawaida, jaribu kuifungua programu ya majalada. Ikifunguka, kazi haijaisha. Katika maabara hatuamini kipimo kinachosema "ndiyo" kwa kila damu. Lazima tukijaribu pia kwa damu tunayojua kwamba jibu lake ni "hapana".

REJESTA YA FUNGUO

Katika kila hospitali lipo kabati la dawa kali za maumivu kama vile morfini. Ufunguo wake hukabidhiwa zamu kwa zamu, na kila kitu huandikwa katika rejesta na kutiwa sahihi. Funguo za VPN nazo zinataka rejesta, ila kwa utaratibu tofauti: ufunguo wa VPN haukabidhiwi. Kompyuta moja, ufunguo mmoja. Kompyuta ikiibiwa, ikiharibika au ikigawiwa idara nyingine, ufunguo wake unafutwa kwenye orodha ya seva siku hiyo hiyo. Kadhalika mtumishi aliyepewa kompyuta ya kufanyia kazi nyumbani akihama au akistaafu, ufunguo unafutwa kabla ya sherehe ya kumuaga, hata kama alikuwa mtu mwema wa kupigiwa mfano.

Kwa nini tuwe wakali hivyo? Kwa sababu seva haimjui mtu, inajua ufunguo. Marekani kuna kampuni ya Colonial Pipeline inayosafirisha mafuta kwa bomba kutoka Texas hadi New Jersey. Mwezi Mei 2021 wezi waliingia katika kompyuta zake, nayo ikalazimika kulifunga bomba lote kwa siku kadhaa, hata vituo vingi vya mafuta vikakauka. Mkuu wa kampuni hiyo alilieleza Baraza la Senati mwezi Juni mwaka huo kwamba wezi walipitia akaunti ya zamani ya VPN iliyodhaniwa haitumiki tena. Ililindwa kwa neno la siri peke yake, bila uthibitisho wa pili. Kampuni ililipa kiasi cha dola milioni 4.4. VPN ilikuwepo, na mlango aliopitia mwizi ulikuwa ni huo huo wa VPN. Hakuna aliyevunja kufuli. Ufunguo uliosahaulika ndio uliofungua.

MAGONJWA AMBAYO VPN HAIYATIBU

Kama vile chandarua kisivyozuia kuharisha, VPN nayo ina mipaka yake.

Kwanza, haisafishi kompyuta iliyokwisha kuugua. Tarehe 12 Mei 2017 programu mbaya iitwayo WannaCry ilienea duniani, ikifunga mafaili na kudai fedha. Huko Uingereza taasisi zisizopungua 80 kati ya 236 zinazoendesha hospitali na huduma kama hizo ziliathirika. Wagonjwa wengi walirudishwa nyumbani na miadi yao kufutwa, na magari ya wagonjwa yakaelekezwa hospitali nyingine. Hospitali hizo zilikuwa na mtandao wao maalumu wa kuziunganisha, na ugonjwa huo ulisafiri hata ndani ya mtandao huo. Dawa yake ilikuwa imetolewa na Microsoft mwezi Machi, yaani karibu miezi miwili kabla, lakini kompyuta nyingi hazikuwa zimepewa. Basi bomba likiunganisha zahanati tatu, moja ikiugua zote ziko hatarini. Ndiyo maana ya kufunga milango hata ndani ya bomba, kuzipa kompyuta masahihisho yake kila yanapotoka, na kuweka nakala ya akiba ya majalada mahali ambapo hapakuunganishwa na mtandao.

Pili, VPN haimtambui aliyekaa kwenye kiti. Ufunguo wa WireGuard ni wa kompyuta. Kwa hiyo programu ya majalada yenyewe lazima iwe na jina na neno la siri la kila mtumishi, na iandike nani alifungua jalada gani, lini. Neno moja la siri linalotumiwa na zamu nzima ni sawa na kutia sahihi moja kwa watu kumi.

Tatu, VPN haizibi mdomo. Majibu yanayosemwa kwa sauti dirishani, jalada lililoachwa wazi mezani, picha ya kadi ya mgonjwa iliyopigwa kwa simu: hayo hayapiti bombani. Hayo yanatutaka sisi wenyewe, wauguzi na waganga, tukumbuke kiapo.

JE, NI VPN ILE ILE YA KWENYE SIMU ZA VIJANA?

Wazazi wengi wamelisikia neno hili kwa watoto wao. Chombo ni cha aina moja, bali mwisho wa bomba ni tofauti. VPN ya hospitali huanzia zahanati na kuishia hospitalini. VPN inayopakuliwa kwenye simu huishia kwenye seva ya mwenye biashara, mara nyingi nchi ya mbali. Kampuni yako ya simu haioni unakokwenda, lakini mwenye seva anaona. Basi kama huduma ni ya bure, uliza anaishi kwa nini. Kampuni ya Facebook iliwahi kutoa programu ya VPN ya bure iitwayo Onavo Protect, ikisemwa kuwa ni ya kumlinda mtumiaji. Habari za matumizi ya watu zilikuwa zinakusanywa kwa faida ya biashara ya kampuni yenyewe. Programu hiyo ilifungwa mwaka 2019, na mwaka 2023 mahakama ya Australia ikatoza kampuni mbili zilizohusika jumla ya dola za Australia milioni 20 kwa kutowaeleza watu ukweli. Kijana anayefungua majibu yake ya maabara kupitia bomba la mtu asiyemjua, amempa mtu huyo nafasi ya kujua mengi kuliko anavyodhani.

SHERIA INASEMAJE?

Hapa Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Habari za afya zimehesabiwa humo kuwa taarifa nyeti, yaani zinazotaka uangalifu wa pekee. Pia mwezi Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitangaza kwamba watu na makampuni wanaotumia VPN watoe taarifa kwake kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Kwa hiyo hospitali inayoandaa VPN ianze kwa kuiuliza Mamlaka hiyo na kuweka maandishi yake katika faili. Kazi halali haina haja ya kufichwa.

MASWALI YA KUULIZA KATIKA KAMATI

Mnapokaa kikao cha zahanati au hospitali, ulizeni haya bila woga:

1. Je, programu ya majalada yafunguka kutoka nje bila VPN? Nani alijaribu, lini?
2. Rejesta ya funguo iko wapi, na mara ya mwisho ilikaguliwa lini?
3. Mtumishi wa mwisho kuhama, ufunguo wake ulifutwa siku gani?
4. Kompyuta zilipewa masahihisho lini?
5. Nakala ya akiba iko wapi, na je, imewahi kujaribiwa kurudishwa?
6. Fundi akiugua au akisafiri, nani mwingine anajua?

Mkipata jibu la "fundi anajua", endeleeni kuuliza. Kazi ya fundi mmoja isiyoandikwa ni kama dozi isiyoandikwa kwenye chati: mwenye zamu ya pili atakisia.

NA WEWE NYUMBANI

Usipige picha kadi ya kliniki ya mwanao na kuituma kwenye kundi la ukoo ili kuomba ushauri. Mpigie simu mganga, au njoo naye. Majibu ya mwenzi wako ni yake, hata kama simu yake iko mikononi mwako. Simu yenye habari zako za hospitali iwekee namba ya siri. Mtu akikupigia akijidai ni wa hospitali na kukutaka neno la siri au fedha kwa ajili ya "kusafisha jalada", kata simu, kisha uende hospitali uulize. Na kadi yako ya karatasi itunze mahali pakavu, kwa sababu siku mvua ikiangusha nguzo ya umeme, kadi hiyo ndiyo itakayotueleza kundi la damu yako na dawa zinazokudhuru.

Kama zahanati yenu imeanza kutumia kompyuta, swali la kwanza katika orodha laweza kujaribiwa kesho kwa simu yoyote ya kawaida, kwa ruhusa ya mganga mfawidhi, kwa dakika tano. Anayehofia siri yake yuko miongoni mwenu, ingawa hamumjui. Akisikia kwamba mmeuliza, huenda akaja kuchukua dawa zake mwezi ujao.